Njia ikifungwa mbele, nani ampishe nani?

Na Mwandishi Wetu, London

Jumamosi moja ya majira ya baridi tulikuwa watu watano ndani ya gari, tukitoka Leicester kuja London kumzika mzee wetu mmoja. Maziko yalikuwa baada ya sala ya adhuhuri. Wanaoishi huku wanajua: wakati wa baridi jua linazama kwenye saa kumi jioni, na watu wa makaburini wana saa zao za kufunga. Tuliondoka mapema tukiamini muda unatosha na kubaki.

Kabla ya kufika Luton, magari katika barabara kuu ya M1 yalianza kupunguza mwendo, kisha yakasimama. Mbele kulikuwa na matengenezo, na njia ya kulia kabisa ilikuwa inafungwa. Foleni ilikuwa imeanza zaidi ya maili mbili kabla ya koni zenyewe. Magari yote yalikuwa yamejibana katika njia za kushoto yakisogea kama jongoo. Ile ya kulia ilibaki tupu.

Katika kiti cha nyuma alikaa mzee ambaye ujanani aliendesha mabasi ya Dar es Salaam na Arusha. Marehemu alikuwa rafiki yake tangu enzi hizo.

“Mwanangu,” alimwuliza kijana aliyekuwa akiendesha, “ile njia imefungwa?”

“Bado, Mzee. Inafungwa huko mbele.”

“Sasa mbona hatuitumii?”

“Mzee, hapa si Ubungo. Huku ukiruka foleni unaonekana huna adabu. Tutatukanwa.”

Mzee akanyamaza. Baada ya muda gari dogo lilipita kulia kwetu likielekea mbele. Dereva wa lori lililokuwa mbele yetu alipoliona kwenye kioo, alisogeza lori lake mpaka likakalia njia mbili kwa pamoja. Gari dogo likakwama nyuma yake. Honi zikalia. Sisi ndani ya gari letu tukafurahi kwelikweli. “Safi sana,” mmoja wetu alisema, “amezoea ujanja huyo.”

Tulitumia karibu saa nzima kuvuka sehemu ile. Tulipofika makaburini, watu walikuwa wanarudi kwenye magari yao. Mzee alisimama pembeni ya kaburi lililokwisha kufunikwa, akaomba dua, akarudi garini bila kumlaumu mtu.

Usiku ule, kijana wetu alifungua kitabu cha kanuni za barabarani alichokisoma alipokuwa anajiandaa na mtihani wa leseni. Alichokikuta humo ndicho kilichotufanya tuandike makala hii.

KITABU KINASEMAJE?

Wengi wetu tulikuja huku na leseni za Tanzania, Kenya au Uganda, tukaruhusiwa kuzitumia kwa miezi 12 tu. Baada ya hapo ilibidi turudi darasani, hata yule aliyekuwa ameendesha gari miaka ishirini. Mtihani wa nadharia una maswali 50, na lazima upate angalau 43. Kitabu cha kusoma ni Highway Code, ambacho kilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1931 na kuuzwa kwa peni moja. Tatizo ni kwamba ukishafaulu, kitabu kinakwenda kabatini na hakitoki tena.

Kanuni ya 134 inazungumzia hali ileile iliyotukuta. Kwa ufupi inasema hivi: fuata mabango na alama za barabarani, msongamano ukiwa mkubwa usibadilishe njia bila sababu, na pale magari yanapokwenda kwa mwendo mdogo sana, kama vile mnapokaribia matengenezo au ajali, inapendekezwa muingie kwa zamu, mradi iwe salama kufanya hivyo. Magari yakiwa katika mwendo wa kasi, haipendekezwi.

Yaani yule wa gari dogo tuliyemcheka hakuwa amevunja kanuni yoyote. Njia ilikuwa wazi, naye alikuwa anaitumia. Aliyekuwa karibu na kosa ni dereva wa lori aliyejipa kazi ya polisi. Chini ya sheria ya usalama barabarani ya mwaka 1988, kuendesha bila kuwajali watumiaji wengine wa barabara ni kosa. Tangu mwaka 2013 polisi wa hapa wanaweza kumtoza dereva wa namna hiyo paundi 100 na kumwekea pointi 3 kwenye leseni bila kumfikisha mahakamani.

Tuseme ukweli wote: kanuni ya 134 ni ushauri, si amri. Huwezi kushtakiwa kwa sababu tu uliingia mapema kwenye foleni. Lakini yaliyomo katika kitabu hicho, hata yale ya ushauri tu, yanaweza kutumika mahakamani kuonyesha nani alikuwa na makosa pindi ajali inapotokea.

MTINDO WA ZIPU

Wenzetu wa Ujerumani wamekwenda mbali zaidi. Kwao jambo hili limo ndani ya sheria ya barabarani, na jina lake linatokana na zipu. Ukivuta zipu ya koti, meno ya upande wa kushoto na ya upande wa kulia hayagombani. Linaingia moja la huku, linafuata moja la kule, mpaka juu. Sheria ya Ujerumani inataka magari ya njia inayokwisha yaruhusiwe kuingia pale pale mwanzo wa sehemu nyembamba, moja baada ya jingine kwa zamu. Ubelgiji nayo iliufanya mtindo huu kuwa wa lazima mwaka 2014.

Marekani kila jimbo lina mambo yake, lakini Minnesota, ambako wapo Waafrika Mashariki wengi, idara ya usafirishaji imekuwa ikiwahimiza madereva kwa miaka mingi watumie njia zote mbili mpaka mwisho. Idara hiyo inasema mtindo huu unaweza kupunguza urefu wa foleni kwa hadi asilimia 40.

Msomaji atauliza: inawezekanaje, wakati mlango wa kupitia ni ule ule? Ni swali zuri. Tupige hesabu ya kawaida tu. Chukua magari 600, na useme kila gari pamoja na nafasi iliyo mbele yake linachukua mita 7. Yakijipanga katika mstari mmoja, foleni itakuwa na urefu wa mita 4,200, yaani zaidi ya kilomita nne. Yakijipanga katika mistari miwili, foleni itakuwa kilomita mbili na kidogo. Magari ni yale yale, ila yamekaa vizuri.

Mlango kweli haupanuki, na foleni fupi haina maana kwamba kila mtu atafika haraka zaidi. Faida ziko kwingine, na si ndogo.

Ya kwanza ni kwamba foleni fupi haizibi matokeo ya nyuma. Siku ile ya M1, foleni yetu ilikuwa imerudi nyuma hadi kupita makutano ya barabara. Waliotaka kutoka pale kwenda zao walikwama pamoja nasi, ingawa hawakuwa na habari yoyote na zile koni. Gari la wagonjwa likitakiwa kupita, nalo linakutana na ukuta huo huo.

Ya pili ni usalama. Njia moja ikiwa imesimama na ya pembeni ikiwa tupu, anayepita kwenye ile tupu anakwenda mbio. Akichomoka mtu ghafla kutoka kwenye foleni, breki hazitoshi. Njia zote zikijaa na kwenda mwendo mmoja, hata mkigongana mnakwaruzana tu.

Ya tatu ndiyo inayohusu mioyo yetu. Njia zote mbili zikitumika mpaka mwisho, hakuna anayemruka mwenzake. Hili tulilifikiri sana kwa ajili ya Mzee wetu. Siku ile kama tungeingia peke yetu katika ile njia tupu, huenda tungewahi maziko, lakini tungewatangulia mamia ya watu waliokuwa wanasubiri, na wao wangetuona wezi. Hasira zao zingekuwa na sababu. Lakini kama watu wote wangejigawa katika njia zote tangu mwanzo, kusingekuwa na wa kumwonea mwenzake wivu. Kinachofanya aonekane mjanja ni sisi wengine kuiacha njia tupu.

KWA NINI HATUFANYI HIVYO?

Waingereza wenyewe wengi hawafanyi. Foleni kwao ni kitu cha heshima: dukani, benki, kituo cha basi, kila mtu anajua aliyemtangulia. Wanaichukua heshima hiyo na kuipeleka barabarani, wakiona bango la kwanza tu wanahama, kisha wanamkasirikia asiyehama.

Kwetu sisi wageni kuna jambo jingine juu ya hilo. Tunajua tunatazamwa. Mtu mweusi au mama mwenye hijabu akipita kwenye njia tupu, anahisi kwamba halaumiwi yeye peke yake, wanalaumiwa na wenzake wote. Kwa hiyo tunachagua kuwa wapole kuliko kanuni inavyotaka. Kijana wetu hakuogopa polisi siku ile. Aliogopa macho ya watu. Hatumlaumu, maana na sisi tuliokuwa ndani ya gari tulikuwa na woga ule ule.

Lakini adabu isiyojua kanuni inaweza kuwa mzigo kwa wengine. Anayesimama katikati ya njia iliyo wazi, maili moja kabla ya koni, akiwasha indiketa na kungoja aingizwe, anadhani anafanya ungwana. Nyuma yake ameshawasimamisha watu wa njia mbili.

KUTANUA SI ZIPU

Hapa wasomaji wetu wa nyumbani watatuuliza: kumbe mnatuambia kutanua ni halali? Hapana, na tofauti hii tunaomba ieleweke vizuri.

Dar es Salaam, kutanua ni kuiacha njia yako na kujitengenezea nyingine pembeni, juu ya njia ya waenda kwa miguu, kwenye vumbi, mbele ya meza za wauza matunda, au upande wa wanaokuja. Kisha mbele unachomekea kwa nguvu. Nairobi wanalijua jambo hilo hilo kwa jina jingine, na abiria wa matatu wanalijua kuliko wote. Njia unayotumia hapo si njia yako, na mara nyingi ina watu wanaotembea. Ndivyo ilivyo pia kwa anayeingia katika njia za mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi Dar es Salaam mwaka 2016. Ile si njia tupu, ina wenyewe.

Huku Uingereza vilevile kuna njia tupu ambayo hairuhusiwi. Ukiona alama nyekundu ya X juu ya njia katika barabara kuu, njia hiyo imefungwa tayari, hata kama huoni koni wala mfanyakazi. Huenda mbele kuna mtu amelala chini akipatiwa huduma ya kwanza. Kupita hapo ni paundi 100 na pointi 3, na kamera zinaona. Njia ya dharura ya pembeni nayo si ya kukwepea foleni.

Zipu ni kitu tofauti kabisa. Unatumia njia ambayo ni halali na iko wazi, unakwenda kwa mwendo unaokaribiana na wa wenzako, na unapofika mwisho unangoja zamu yako. Anayetanua hangoji zamu ya mtu.

TUFANYEJE BASI?

Kwanza tazama mwendo. Magari yakiwa machache na yakienda kasi, ukiona mabango ya njia kufungwa, yale ya yadi 800, 600, 400 na 200, tafuta nafasi salama na uhame mapema. Zipu si ya mwendo wa kasi.

Magari yakiwa yamejaa na yanatambaa, baki katika njia uliyomo. Ukiwa katika ile inayofungwa, nenda nayo mpaka karibu na koni, lakini usikimbie. Kama wenzako wa pembeni wanatambaa, nawe tambaa. Washa indiketa mapema, mtazame dereva unayetaka kuingia mbele yake, kisha ingia taratibu. Ingia gari moja. Usijaribu kumburuza na rafiki yako anayekufuata.

Ukiwa katika njia inayoendelea, wewe ndiye mwenye kazi kubwa zaidi, maana zipu haifungi kama upande mmoja umebana meno. Acha nafasi ya gari moja mbele yako. Ruhusu mmoja aingie, kisha songa. Huna haja ya kuruhusu watano, maana ukifanya hivyo unakuwa mkarimu kwa mali ya walio nyuma yako. Na anayejaribu kuingia wa pili kwa nguvu, mwache aende. Ukimbana, mkigusana, wote wawili mtasimama hapo na foleni itakuwa ya kwenu.

Lori ni zito. Likianza kusogea linachukua muda, na likisimama linachukua muda zaidi. Ukiona nafasi kubwa mbele ya lori, usidhani dereva amelala. Ile ni nafasi yake ya breki. Ingia pale zamu yako inapofika, si kwa sababu tu umeona uwazi.

Neno moja kuhusu taa, kwa sababu limeshawaponza wengi wetu. Huku, kwa mazoea, dereva akikupigia taa mara nyingi anamaanisha “pita wewe.” Nyumbani, anayekupigia taa mara nyingi anasema “nakuja, usiingie,” au anakuonya kwamba mbele kuna trafiki. Kitabu kinasema taa ni za kumjulisha mwenzako kwamba upo, basi, na usidhani kwamba ni ruhusa. Kwa hiyo aliyetoka Dar wiki iliyopita na aliyezaliwa Birmingham wanaweza kupigiana taa, kila mmoja akaelewa kinyume. Tazama gari lenyewe linafanya nini, usitazame taa peke yake.

Ukiingizwa, shukuru. Inua mkono. Ni jambo dogo, lakini aliyekupisha akiona mkono wako, atampisha na mwingine kesho.

NA NYUMBANI JE?

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Ulaya, Dar hayawezekani. Sisi hatuamini hivyo. Jiji limebadilika. Ilikuwepo Tazara ya kukaa saa nzima; mwaka 2018 likafunguliwa daraja la juu la Mfugale. Ilikuwepo Ubungo ya kukata tamaa. Mwaka 2021 likafunguliwa la Kijazi. Lakini kila ujenzi mpya unaanza kwa kufunga njia. Waliokuwa wakipita barabara za Kilwa na Nyerere wakati zinajengwa njia za mwendokasi kuelekea Mbagala na Gongo la Mboto wanaelewa tunachosema. Njia mbili zinakuwa moja, magari yanakuwa mistari minne, na mwisho anatafutwa trafiki mwenye sare nyeupe aje kuwagawa watu kwa mkono.

Trafiki huyo anafanya nini? Anasimamisha hawa, anaruhusu wale, kisha anageuza. Ni zamu, tofauti ni kwamba inatoka mkononi mwake badala ya vichwani mwetu. Nasi tunajua kupokezana zamu, maana bomba la maji mtaani linapotoa maji saa mbili tu, ndoo zinapangwa, na hata mtoto anajua ndoo yake inafuata ya nani. Hakuna polisi pale.

Bango moja likiwekwa kwenye koni, likisema “Tumieni njia zote, ingieni mmoja mmoja,” halina gharama kubwa. Vyuo vya udereva vinaweza kulifundisha. Wiki ya Nenda kwa Usalama huzungumzia mwendo kasi na ulevi, na ni haki yake. Tungependa siku moja izungumzie na hili.

Mwezi wa sita tulimpeleka tena Mzee London, azuru kaburi la rafiki yake. Njiani tulikuta tena koni na njia ya kulia inafungwa, na magari yanatambaa. Safari hii kijana wetu hakuhama. Alikwenda taratibu mpaka mwisho, akawasha indiketa. Pembeni yetu alikuwepo mama wa Kizungu katika gari dogo jekundu. Alitutazama, akaacha nafasi, tukaingia.

Kijana aliinua mkono. Mzee akaona haitoshi, akateremsha kioo, akatoa kichwa nje na kusema kwa Kiswahili, “Ahsante sana, mama, Mungu akubariki.” Yule mama hakuelewa neno, lakini alicheka na kupunga mkono.

Tulifika makaburini saa tano asubuhi. Mzee alikaa pale muda mrefu, na hatukumharakisha.

Tunawatakia safari njema.